Pasi ya Ukutani

Mimi mpira nimejifunzia uani kwetu, mtaa wa Yoba mjini Gitega, kati ya tangi la maji na cherehani za baba. Baba ni fundi nguo, na hakutaka binti yake aonekane uwanjani. Basi tukacheza humo humo, mabinamu na majirani, watatu kwa watatu. Wallahi, sijaona shule bora kuliko ile. Hupati hata nafasi ya kupiga miayo: kila mara mpira uko miguuni mwako, kila mara lazima uamue. Ukibanwa, unaupiga ukutani, ukuta unakurudishia. Ukuta ulikuwa mchezaji wetu wa nne, na wala haukuwahi kununa.

Kocha wa wasichana wa mjini aliniona siku alipoleta suruali kufupishwa. Alimbembeleza baba wiki nzima. Mwisho baba akakubali mechi moja tu, kule mji wa Muyinga, tena kwa kuwa alikuwa na vitambaa vya kuchukua huko. Akaniambia kabla hatujaondoka: "Nikiona unaweza, utaendelea. Nikiona mambo ya kitoto, we utarudi kwa mashini, na nisisikie tena."

Uwanja ule ulikuwa mpana hadi nikashikwa na kizunguzungu. Lakini waliponibana watu watatu, nikajisikia nyumbani. Niliwapita kama ninavyowapita shangazi zangu jikoni. Nikamsikia baba akicheka, yeye ambaye hacheki ovyo. Kisha, tukiwa sare, bao moja kwa moja, na zimebaki dakika chache, nikaletewa mpira pembeni kushoto. Beki akanijia. Nikafanya nilichozoea: nikaupiga kushoto, nikakimbia mbele kuupokea.

Hakukuwa na ukuta. Mpira ulitoka nje, ukaenda zake hadi migombani, na mimi nimesimama nausubiri. Watu walivunjika mbavu. Wapinzani wakarusha haraka, wakafunga.

Tukarudi Gitega usiku huo. Asubuhi nilikuta nguo za shule zimerundikwa kwenye cherehani yangu, zinasubiri kushonwa. Nikakaa, nikazishona zote.

Sasa nina miaka ishirini na sita na bado nashona. Jioni nafundisha wasichana wanane uani humo humo, wanne kwa wanne. Baba anavumilia kwa sababu hakuna anayetuona. Mchezo mdogo siuachi, maana ndio unaomfanya hata mwoga aguse mpira. Ila nimechora mstari wa majivu hatua moja kutoka ukutani. Mpira ukiuvuka, umetoka. Wananung'unika kweli kweli, na mimi siwasikilizi.

Jumamosi iliyopita wanne kati yao walichaguliwa na timu ya mjini kwenda kucheza Muyinga. Walipita kuniaga, na aliye mdogo kuliko wote akaniuliza mlangoni:

"Dada, we hauendi?"

Nikamwambia nina kazi nyingi. Nilifunga mlango, nikaona uchungu, jamani, uchungu wa kweli. Kisha nikavuka mstari wangu wa majivu, nikaupiga mpira ukutani. Ukarudi.