Wembe Mmoja kwa Nyumba Nzima

Naomba mnivumilie kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole sana. Kusema mbele za watu ndiyo siwezi kabisa, ulimi hunikauka. Lakini nina hasira ambayo imekataa kuondoka, kwa hiyo naandika.

Sisi ni watu wa kijiji cha Adu. Baba alilima mahindi na mikorosho, na hakuonja tembo la mnazi maisha yake yote. Tumbo lake lilipoanza kuvimba na macho yakawa na rangi ya bizari, nilimpeleka hospitali Malindi. Walipomaliza kumpima, daktari, mtu wa bara, aliniita kando.

"Baba yako ana kansa ya ini," akasema.

Nikatazama viatu vyake. Nafikiri alidhani sijaelewa, maana alinikalisha akanieleza polepole, na maneno yake nimeyashika mpaka leo.

Alisema katika damu ya kila mtu mna chembe nyeupe, na hizo ndizo askari wa mwili. Baba aliingiwa na kidudu cha ini zamani, pengine utotoni. Askari wa mtu mzima mara nyingi humjua adui huyo, wakamtoa. Askari wa mtoto mdogo bado hawajamjua, kwa hiyo humwacha akae. Baadaye mtoto akikua wanaamka, wanaanza kumpiga humo humo ndani ya ini, miaka na miaka, na kila wakimpiga wanaliumiza ini lenyewe. Likajaa makovu. Kansa ikaota ndani ya makovu.

Nikajikaza, nikauliza, "Na hao askari mbona hawaiui hiyo kansa?"

"Kwa sababu imetoka katika nyama yake mwenyewe. Wanapita karibu nayo wanaiona ni mtu wa nyumbani. Wakubwa wetu bado wanatafuta namna ya kuwaamsha." Kisha akaninyooshea kidole. "Kidudu hicho kinapita kwa damu. Wembe aliotumia yeye asiutumie mwingine. Hasa mtoto. Umesikia? Hasa mtoto."

Nyumbani kulikuwa na mtoto. Dada yangu wa mwisho, bado ananyonya.

Niliyasema yote hayo kwa baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye ndiye mwenye neno katika mji wetu, yaani nyumba zote za ukoo. Niliyasema nikiwa nimeinama, kwa kigugumizi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Askari! Ndani ya ini! Na kituo chao kiko wapi, kwenye wengu?" Akawageukia watu wa nyumbani. "Huyu darasa la saba amerudi daktari."

Siku chache baadaye akamleta mganga. Kwetu mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, mji mzima hupigwa chale: unachanjwa kwa wembe kifuani na miguuni, kisha unapakwa dawa nyeusi penye damu. Mganga huyu alisema mgonjwa ndiye wa kwanza, na wembe usibadilishwe wala usioshwe, ili maradhi yaonje damu ya kila mtu, yapotee, yasijue pa kurudi.

Nilimwinamia baba alipokuwa amelala mkekani. "Baba, kataa."

"Mwanangu," akasema, "tumbo hili likiniuma, mtu akinipa kaa la moto nitalimeza. Niache."

Sikumkasirikia yeye. Nawakasirikia wale waliosimama wima, wenye afya, wakiangalia.

Akachanjwa baba. Akafuata mama. Baba mkubwa akavua shati, naye akachanjwa, akijigamba kwamba hasikii hata kuumwa. Kisha mganga akasema, "Nipeni mtoto." Wembe ulikuwa umelowa damu ya watu watatu. Mama akaanza kumfungua mtoto kutoka mgongoni.

Nilimchukua dada yangu mikononi mwa mama nikatoka naye mbio. Niliingia shambani, mikoroshoni, yeye akilia. Nyuma yangu nilisikia baba mkubwa akipiga kelele, "Mrudishe, mwana mlaaniwa! Unamuua baba yako!" Sikurudi mpaka nilipoona mganga ameshika njia yake.

Baba alikufa kabla ya mvua. Daktari alikuwa ameniambia atakufa, hata angechanjwa na waganga wote wa pwani. Lakini matangani baba mkubwa alisimama mbele ya watu akasema mtoto hakuchanjwa, kwa hiyo mlango wa maradhi uliachwa wazi, na aliyeuacha ni mimi. Shangazi walinitemea mate chini. Watu niliowapa shikamoo tangu utotoni walikataa kuitikia.

Siku ya kumaliza matanga baba mkubwa akaja na mganga yuleyule. "Leo tunaufunga ule mlango," akasema. "Mleteni mtoto."

Nilijibu, kwa sauti iliyonitoka kama ya mtu mwingine, "Basi nunua wembe mpya."

"Wembe mpya haujui chochote! Ule ule ndio wenye dawa!" akafoka baba mkubwa.

Ndipo mama aliposimama. Mama hakuwa amewahi kumjibu shemeji yake, hata siku moja. Alisema, "Mwanangu hachanjwi. Mimi mlinichanja, imetosha."

"Basi tokeni."

Tukatoka. Sasa tunakaa kwa mjomba, Magarini, tunalima shamba lisilo letu. Mikorosho aliyoipanda baba anaivuna baba mkubwa. Hata yeye alichanjwa kwa wembe ule, na nikikumbuka hilo namhofia asije akaugua, nakasirika zaidi kwamba namhofia.

Dada yangu ni mzima, ameanza kukimbia. Mama nimembembeleza twende Malindi akapimwe damu, anasema, "Nikijua, nitafanya nini?" Kila asubuhi mama akigeukia mwangaza namtazama weupe wa macho yake, nikiwaomba hao askari wake wasilale.

Ninyi mnaosoma, niandikieni kupitia gazeti hili. Niambieni kama kwenu pia mji mzima huchanjwa kwa wembe mmoja, na kama yuko aliyewaambia wazee wakamsikia, alisema nini. Hata mwandiko ukiwa mbaya kama wangu, andikeni. Nitasoma.