Mlangoni kwa Mpiga Selo

Kila ninapopaka upinde utomvu mkavu kabla ya kuingia jukwaani na okestra, harufu yake hunirudisha kwenye jengo letu la Guangzhou. Siku moja, nikiwa mtoto, nilikuwa nimeketi mlangoni kwa jirani, bibi aliyepiga selo katika okestra ya mji, nikimsikiliza akifanya mazoezi. Mama, aliyekuwa akitoka mtaa wa maduka ya jumla wa Yide Lu na maboksi yake ya bidhaa, alinivuta mkono akaomba radhi kwa Kichina cha sokoni.

"Mwache," bibi alisema. "Majirani wote hunigongea ukuta ninyamaze. Huyu ndiye wa kwanza kusogea karibu."

Akanikalisha, akaniegemezea selo yake, ile fidla kubwa, kifuani. Nilivuta upinde, ikatoka sauti ya bawaba kavu. Nikamtazama Mama, nikingoja aseme twende.

Aliweka maboksi chini, akaketi kizingitini.

"Vuta tena, mwanangu," akasema.