Kigoda cha Baba Kilabuni

Nilipotaka kuoa, shangazi wa mchumba wangu alitoka Kwamndolwa kwa miguu kuja kutuchunguza. Siku zile, zama za Mwingereza, posa haikupokelewa kabla mtu mzima wa upande wa mwanamke hajaulizia ukoo wa mwanamume, kama kuna ukoma, kifafa, uchawi au ulevi. Majirani zetu wa kambi ya mkonge walimjibu kwamba hayo matatu ya kwanza hawayajui. Kuhusu la nne walicheka mpaka wakakaa chini.

Babu yangu alikuwa mlevi. Baba naye alikunywa mpaka alipofariki, na kwenye kilabu cha pombe pale kambini kigoda chake kilikuwa bado karibu na pipa, hakuna aliyekikalia. Mimi nilikuwa sijawahi kuonja. Nilikuwa nimetoka bweni la sekondari na kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, na maneno mengi. Nikamweleza shangazi kwamba mwalimu alitufundisha jinsi njegere zinavyorithi urefu na rangi, lakini ulevi haurithiwi hivyo. Ulevi ni mahali. Mtu anayepokea mshahara Jumamosi mbele ya mlango wa kilabu atakunywa hata kama babu yake alikuwa sheikh.

Shangazi alinisikiliza huku akichambua mchicha.

"Mwanangu," akasema, "aliyekuja kuposa kwetu ni njegere au ni wewe?"

Kisha akatoa sharti. Jumamosi niende kilabuni, nikae na marafiki wa baba mpaka alasiri, nirudi na akili zangu. Nikakubali haraka. Sikutambua kwamba, kwa hoja yangu mwenyewe, nilikuwa napelekwa mahali penyewe.

Nilipoingia, wazee walisimama. Desturi yao ilikuwa kwamba mtoto wa marehemu akiingia mara ya kwanza hukalishwa kwenye kigoda cha baba yake na kupewa kata aliyonywea, na kukataa ni kumtukana maiti. Nikakaa. Nikanywa kata moja kwa ajili ya baba. Mzee mmoja akanikumbusha taratibu kwamba nilikuwa na babu pia. Na babu, ikaonekana, alikuwa na ndugu wengi.

Alasiri nilirudi nikiimba. Majirani walisema wimbo ulikuwa wa baba, na maneno niliyasahau palepale alipokuwa akiyasahau yeye. Nilimwamkia shangazi kwa heshima zote, shikamoo ndefu, ila niliuelekea mtungi wa maji.

Mchumba wangu alilia siku nzima mpaka shangazi akalegea. Akamwambia, kama kweli ni mahali, amhamishe huyu mwanamume. Na kama ni damu, mlango wa kwao anaujua.

Tukaoana, tukahamia Kwamsisi kwa wajomba zangu, Waislamu watupu, pombe haikuuzwa popote. Nilibeba kigoda cha baba, kama kumbukumbu tu. Mvua zilipoanza nikapanda miwa bondeni, nikasema ni ya watoto kutafuna. Hatukuwa na mtoto hata mmoja. Miwa ile ilitoa boha, pombe tamu ya milimani, nikawa nainywea uani kwenye kigoda.

Siku moja mke wangu alikipasua kigoda kwa shoka akakipikia maharage. Nadhani aliona ndipo mahali pa mwisho palipobaki. Maharage yaliiva vizuri. Baada ya hapo nilikunywa nimesimama.

Alivumilia mpaka mavuno ya pili ya miwa, akafunga mzigo wake akaenda kwao. Nikamfuata Kwamndolwa, safari hii nikiwa mkavu, sijaonja hata tone. Shangazi alikuwa mlangoni.

"Haya, mwanangu," akauliza, "ilikuwa damu au mahali?"

"Miwa niliipanda mimi, shangazi," nikamjibu.

Akanisogezea kigoda nikae. Nilibaki nimesimama, na mke wangu hakutoka ndani.