Bunduki Zilizolala kwa Léontine

Léontine hakuwahi kufyatua bunduki maishani mwake, na aliiogopa kama alivyoogopa nyoka. Lakini kwa miaka minane chumba chake cha kulala kilijaa bunduki za watu wengine kila serikali ilipoita mkusanyiko.

Alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, katika familia ya wakulima wa maharagwe. Mwaka 1947 mume wake, Gustave, alipata kazi ya ukantonye, yaani kutunza barabara, akatumwa chini msituni upande wa Walikale. Leta, ile serikali ya Wabelgiji, ikawapa nyumba ya udongo kwenye posta ndogo, yaani kituo cha utawala, karibu na mto Lowa. Ilikuwa nyumba ya mwisho kabla ya uwanja. Uwanja nao ulikuwa wa Leta, umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na mambo yote yalifanyika humo: soko, chanjo, mpira, kuandikisha watu, sikukuu ya bendera.

Mwaka uliofuata, siku ya sikukuu, mwindaji mmoja aliyefurahi kupita kiasi alifyatua hewani bunduki yake ya baruti. Aliishindilia baruti nyingi mno. Mtutu ukapasuka, ukamuunguza uso polisi aliyesimama jirani. Wiki haikuisha. Karani Isidore akapanda juu ya meza, akasoma amri: kuanzia sasa hakuna mtu kuingia uwanjani na bunduki wala mkuki siku ya mkusanyiko wowote. Mwenye karatasi ya ruhusa na asiye nayo, wote sawa. Silaha itachukuliwa, mwenyewe atafungwa.

Watu walisikiliza. Wengi walikuwa wawindaji. Walitembea siku mbili kufika posta, na njiani kuna chui na nyati. Nani angekuja mikono mitupu? Kutokuja nako kulikuwa kosa. Ukiitwa kuandikishwa usionekane, polisi wanakufuata mpaka kwako.

Siku ya soko iliyofuata, mwindaji mmoja mwenye mguu mbovu, Barthélemy, alisimama mlangoni pa Léontine na bunduki yake imefungwa kwenye majani ya ndizi.

"Mama, hii bunduki ilale kwako kidogo. Nikiingia nayo mule, watainyanganya."

"Kwangu? Hauna ndugu hapa posta, Papa?"

"Niko nao. Lakini nikiiacha kwa ndugu yangu, watu ya ukoo ingine watasema tunapanga vita. Weye iko muntu ya Masisi. Hauna upande."

Léontine aliipokea kwa vidole viwili, akaiegemeza ukutani, akakaa akiitazama mpaka mwenyewe aliporudi. Soko lililofuata walikuja wanne. Siku ya kuandikisha watu mwaka 1950 alikuwa na bunduki ishirini na sita.

Hakujua kusoma, kwa hiyo alizijua kwa makovu yao: iliyofungwa waya wa shaba, iliyovikwa ngozi ya kenge, iliyoliwa na mchwa kwenye kitako. Hakuwahi kumpa mtu isiyo yake. Kwa sababu ya baruti, siku hizo alizima moto tangu alfajiri, na watoto wake wakala ndizi baridi za jana. Hakuweza kutoka hata kwenda mtoni. Aliketi kwenye kizingiti, mgongo kwa bunduki, uso kwa njia, akisikia ngoma na hotuba ng'ambo ya mawe meupe. Mwaka 1953 binti yake, Joséphine-Marie, aliimba na wanafunzi wenzake mbele ya bendera. Léontine alitega sikio, akashindwa kupambanua sauti ipi ilikuwa ya mtoto wake.

Jioni Gustave alimkuta ameegemea mwimo wa mlango, macho mekundu.

"Uwaambie basi," alisema. "Uwaambie umechoka."

"Nikisema hivyo, wataziweka wapi?"

Gustave aliketi kitandani. Alivua viatu akalala.

Mwaka 1956, siku ya kuandikisha watu, kijana mmoja mwindaji aitwaye Albert aliacha bunduki yake, akaingia uwanjani, na hakurudi. Walimkuta na kosa la kutolima shamba la mpunga la lazima. Alifungwa kamba palepale, akapakiwa kwenye lori, akapelekwa gereza la mbali kwa miezi minne. Siku ya tatu mke wake, Dorothée, alifika kwa Léontine na mtoto mgongoni.

"Mama, ile bunduki, usiwape. Ile ndiyo inatulishaka."

"Ubebe uende nayo."

"Nitabeba namna gani? Karatasi iko na jina ya bwana yangu. Wakinikuta nayo mu njia, nitafungwa na mimi."

Léontine aliisukuma bunduki chini ya kitanda, nyuma ya kikapu cha mbegu. Gustave alimsihi aipeleke kwa karani. Yeye alimuuliza kama amewahi kuona kitu kilichoingia ofisini humo kikatoka. Wiki zikapita. Kila alipofagia, ufagio uligonga kitako cha bunduki, na moyo wake ukashtuka, kisha hata huo mshtuko ukachoka.

Waliipata bila kuitafuta. Mwezi wa tatu tangu Albert afungwe, polisi wawili walikuja kuhesabu sururu na majembe ya barabara aliyopewa Gustave. Mmoja akainama kutazama chini ya kitanda.

Ofisini, mzungu wa posta aliongea Kifaransa huku akiandika, na Isidore akageuza maneno.

"Bwana anauliza: bunduki iko ya nani?"

"Ya Albert, ule mulifunga."

"Nani alikupatia ruhusa ya kuchunga bunduki ya muntu?"

"Hakuna."

"Unajua sheria?"

Léontine aliegemea meza kwa mkono mmoja.

"Sheria niliisikia, karani. Uliisoma weye mwenyewe. Mulisema bunduki isiingie mu uwanja. Lakini hamukusema ilale wapi. Miaka munane zinalala kwangu. Hakuna hata moja ililia."

Isidore pia alijua. Kila mtu pale posta alijua. Aligeuza maneno machache tu, na mzungu akajibu bila kuinua kichwa. Siku kumi na nne za kifungo, na bunduki ni mali ya Leta.

Léontine alizifanya zote, akifagia uwanja asubuhi na kuteka maji mchana pamoja na wanawake wengine watatu. Alipofunguliwa alikuwa amekonda, na hakutaka kuulizwa habari. Soko la kwanza, wawindaji walikuja mlangoni kama kawaida, Barthélemy akiwa mbele. Léontine alisimama kizingitini, akanyoosha mikono kwenye miimo yote miwili.

"Hapana, Papa. Nguvu iliisha."

Barthélemy hakubishana. Aliwageuza wenzake, wakarudi msituni kutafuta mashimo ya miti ya kufichia. Bunduki mbili ziliibwa siku hiyohiyo, nyingine zikaanza kushika kutu. Wapo waliomlaumu Léontine kwa hilo. Alisikia, akaendelea kupepeta mpunga.

Albert alirudi akiwa na kikohozi. Alikaa kwenye ukuta mfupi wa baraza, akasikiliza habari yote, kofia mikononi.

"Unisamehe, kaka," Léontine alimwambia. "Niliificha vile niliweza."

"Weye ulifungwa juu yangu," Albert alisema. "Nitakuuliza nini tena?"

Alitega mitego ya waya tangu siku hiyo. Alipata wanyama wadogo, nguruwe wa msituni walimshinda. Mara moja moja Dorothée alimletea Léontine mguu wa paa, na wote wawili waliona haya, mmoja kwa kutoa kidogo, mwingine kwa kupokea.

Mwaka 1958 mkataba wa Gustave ulikwisha, wakarudi Masisi, kwenye shamba la wazazi wa Léontine, juu kabisa kilimani, mbali na uwanja wowote. Sikukuu ya kwanza ilipofika, majirani walivaa nguo safi wakampitia.

"Dada, hauendi kuona?"

"Muende tu. Mutanisalimia watu."

Aliwasindikiza mpaka mwisho wa mihogo. Kisha akarudi ndani, akavuta mlango, akajinyoosha kitandani mchana kweupe. Alilala mpaka jua liliposhuka, na hakuna aliyekuja kumwamsha.