Radhi ya Dada
Kwa miaka sita sikumwamkia dada yangu, na haki ilikuwa yangu. Mama alipolala hoi hapa Nguvumali, ni mimi niliyemwogesha, nikamgeuza, nikamlisha uji kwa kijiko. Dada alikuwa Muheza, na hata mazishini alichelewa. Nani angenilaumu? Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinishibisha kuliko chakula.

Mwaka huu akina mama wenzangu wa kanisani walinipa kazi ya kusoma maandiko ya Waprotestanti wa mwanzo na kuwaeleza kila Jumatano alasiri, nyumbani kwangu. Kijitabu kilikuwa cha babu yetu, mwalimu wa dini, kwa Kiswahili cha kizamani, pembe zake zimeliwa na mchwa. Nilijiona nimefika. Nikachambua kujihesabia haki: jinsi wazee wale walivyofundisha kwamba anayeomba huku akimwonyesha Mungu mema yake bado hajaomba, na kwamba msamaha wa Mungu hutangulia, haungoji mtu atakate kwanza. Nilieleza vizuri mno. Mifano yote niliitoa kwa watu wengine. Nyani haoni kundule.

Jumatano moja nikafunga kwa sala ya sauti kubwa: "Ee Bwana, hata dada yangu aliyemtupa mama, nimemsamehe." Wakaitikia amina.

Jirani yangu, bibi wa Kiislamu, alikuwa barazani kwake akipepeta mchele, na dirisha langu lilikuwa wazi. Alingoja nitoke kuwasindikiza wageni, ndipo akaniita.

"Mwanangu, nimesikia umemsamehe dadako. Mwenyewe keshajua?"

"Bado, bibi."

"Basi nenda. Ila usende kusamehe. Mdogo hamsamehe mkubwa. Mdogo hutaka radhi."

Nilikasirika. Nitake radhi ya nini, na aliyekosa ni yeye? Niliingia ndani bila hata kumuaga. Lakini nilipokifungua tena kijitabu cha babu, kila ukurasa ulikuwa unanisema mimi. Nimesali tangu utoto, ila siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimwogopa Mungu kwelikweli.

Jumamosi nikaenda Muheza. Njiani nilipanga maneno: nitamtaka radhi, sawa, lakini kwanza nitamkumbusha kidogo habari za mama.

Nilimkuta uani amekalia mbuzi, anakuna nazi. Alikuwa amekonda, nywele zote nyeupe. Akainuka kwa shida, magoti yakimsumbua. Nilifungua mdomo, akaniwahi. Aliinama mbele yangu, mdogo wake, mpaka mikono yake yenye chenga za nazi ikanigusa miguu.

"Shikamoo, mdogo wangu," alisema. "Nilikuja mara mbili mpaka mlangoni pako. Nikamsikia mama anavyougua, nikaogopa, nikarudi."

Kwetu mkubwa hamwamkii mdogo, hata kwa mzaha, na huyu alikuwa ameshika miguu yangu hasa, kabla sijasema chochote. Yale niliyoyaeleza kwa ufasaha Jumatano zote zile, sasa nilikuwa nayaona kwa macho yangu.

Jibu la shikamoo ni neno moja, kila mtoto analijua. Sikuweza kulitamka. Nilipiga magoti palepale chini, nikalia, nikamwomba dada aniwie radhi, na sikumkumbusha lolote.