Mama Mkwe Anataka Kuvaa Doa Langu Mpaka Kwetu

Admin, ficha jina langu kabisa. Watu wa Sosiot wamejaa kwa hii page na midomo yao naijua.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, miaka ishirini na sita. Kwetu ni Mulot, kwa mahindi na ng'ombe. Nilikuja kukaa na bwanangu huku Sosiot, boma moja na mama yake. Huku ni mashamba ya chai mpaka mlangoni.

Mama mkwe alichaguliwa kiongozi wa akina mama kanisani, akashonewa nguo nyeupe ya siku ya kuombewa. Akanipa niifue. Nilifua na roho safi jamani! Kamba ilijaa nepi za mtoto, nikaitandika juu ya majani chai shambani, vile kwetu tunatandika nguo juu ya ua. Nani aliniambia chai ikichumwa asubuhi, pale imekatwa hutoa maji yenye hushika nguo? Kuitoa, mgongo wote ni madoa ya kahawia. Kwa uoga nikaichemsha na dawa ya madoa. Wacha! Madoa yakakaa palepale, na kitambaa kikageuka manjano.

Nilipiga magoti, nikasema nitamshonea ingine. Akakataa. Jumapili akaivaa hivyo hivyo, akasimama mbele, akawapa watu mgongo. "Mwenye amefua ni yule ameketi pale na mtoto. Mimi nililetewa bibi kutoka kwa mahindi." Kanisa likaangua kicheko. Bwanangu alikuwa kando yangu, na yeye alicheka mpaka akapangusa machozi. Nilitamani sakafu inimeze.

Sasa Jumamosi hii watu wa bwanangu wanaenda kwetu kwa koito, kuongea mahari na kunichukua kwa heshima. Mama mkwe amesema atavaa nguo gani? Hiyo hiyo! "Nataka mamako aone kazi ya mikono ya binti yake," akaniambia, akikunywa chai nimempikia mimi.

Mama yangu ni mjane, amenilea peke yake. Ameazima viti kwa majirani, amepaka nyumba rangi. Kila jioni ananipigia simu: "Mama mkwe wako anapenda maziwa ya mursik ama chai? Atakaa vizuri kwa kiti cha mbao?" Nikimwambia bwanangu, ananijibu, "Ni nguo tu, wacha kelele." Kama ni nguo tu, si avae yeye?

Leo asubuhi mama mkwe amenitupia hiyo nguo kwa uso. "Fua, upige pasi vizuri. Sitaki mikunjo ifiche madoa."

Nimeifua. Imekauka, imelala hapa mezani, na pasi ya makaa imeshika moto. Nikiinyoosha, mama yangu ataaibishwa mbele ya wageni wake wote. Nikiiacha pasi juu yake iungue, huyu mama atasema nimechoma koito yangu mwenyewe, na bwanangu atamuunga mkono.

Anaita huko nje, anauliza kama nimemaliza. Nishaurini haraka, hii pasi niisukume ama niiachilie?