Kiti cha Adelina kwenye Ndege ya Serikali

Mkasa huu nimewaficha hata kinamama wenzangu wa kanisani, na ninyi mnaousikia leo naomba mcheke taratibu, maana mpaka sasa nikipita karibu na uwanja wa ndege pale Bukoba nageuza uso upande wa ziwa kama mtu anayetafuta mtumbwi wake.

Chanzo ni wivu. Ofisini nina mwenzangu anaitwa Adelina, yeye anakaa Bilele, mimi Kashai, tulisoma darasa moja, tukaajiriwa pamoja, meza zetu zinatazamana, lakini safari nzuri zikija zinamwona yeye tu (mimi zinazonifikia ni za basi, nafika Dodoma miguu imevimba). Basi tukasikia kuna kiongozi anakuja na ndege ndogo ya serikali kukagua visiwa vya Muleba, na wakati wa kurudi Dodoma kitabaki kiti kimoja, na hicho kiti, kama mlivyokwisha kubashiri, kimeidhinishwa apewe Adelina aende mafunzo. Chakula kilinishinda siku hiyo.

Jioni mama mkwe akapiga simu kutoka Kamachumu, naye habari alikuwa nazo.

"Nasikia mwenzako anapanda ndege ya serikali," akasema. "Yule kweli ni mwanamke aliyesoma."

Ulimi ukaniteleza. "Hata mimi nimo, mama."

Nilidhani yataishia kwenye simu. Siku ya safari nikaenda uwanjani, ambako kazi yangu ilikuwa kusimamia chai ya wageni na si kingine, mara naona gari aina ya Noah linaegeshwa, anashuka mama mkwe na kinamama wa kwaya yake wakiwa na vitenge sare, wamebeba mkungu wa ndizi, senene, wale panzi wetu wa kukaanga, na jogoo mzima aliyetiwa kwenye kikapu, vyote nimpelekee shemeji yangu Dodoma.

"Mama Alinda, begi lako liko wapi?" mama mkwe akaniuliza.

"Limetangulia, mama." (Nilikuwa sina hata mswaki.)

Nikiwa bado natafuta namna ya kuwarudisha Kamachumu, bosi wetu akapita anaongea na simu, nikamsikia akisema, "Adelina hasafiri tena." Aliendelea kusema mengine lakini mimi sikuyangoja. Nilichojua ni kwamba kiti kiko wazi na mama mkwe ananitazama. Nikachukua senene na kikapu cha jogoo, mkungu nikauacha, nikajichanganya na msafara hadi kwenye ndege, ambako rubani alikuwa anampima kila mtu uzito kabla ya kupanda.

"Wewe ndiye wa kile kiti cha ofisi ya Bukoba?" akaniuliza.

"Ndiyo mimi."

Nikapimwa na kikapu changu, nikakaa, nikafunga mkanda, na kupitia dirishani nikawaona kinamama wameanza kuimba, nami nikawapungia mkono polepole kama wanavyofanya wakubwa, na kwa mara ya kwanza nikajiona nimempita Adelina.

Hapo likaingia gari la wagonjwa, akashuka Adelina amemshika mkono kijana mvuvi, jicho moja limefungwa bandeji. Kumbe jana yake, kwenye ziara ya visiwani, alimkuta kijana huyo amechomwa na ndoano, daktari akasema akichelewa kufika kwa mabingwa jicho linapotea, basi Adelina akamwomba kiongozi kiti chake apewe mgonjwa.

Rubani akarudi ndani. "Mama, naomba ushuke."

"Siwezi kukaa hata huko nyuma na mizigo?" nikamuuliza, na swali hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

"Hii siyo basi, mama. Ni mali ya serikali, kila anayekaa humu ana kibali, na uzito nimeshaupigia hesabu. Ukibaki wewe, anabaki yeye."

Wote wakanigeukia. Mkanda ukakataa kufunguka, ikabidi kiongozi mwenyewe aniinamie kunifungulia, na katika kuhangaika kikapu kikapinduka, jogoo akatoka mlangoni akashika njia ya kurukia ndege. Ndege haiwezi kuondoka na jogoo njiani. Askari wakamkimbiza, mimi nikamkimbiza, mgonjwa amesimama na jicho lake, na kwaya inatazama.

Aliyemkamata ni Adelina, na viatu vyake vya ofisini. Akanipa mikononi bila kunisuta. "Mshike vizuri," akasema kwa sauti ya chini, "mgonjwa anachelewa."

Ndege iliporuka mama mkwe alinipita kama nguzo ya umeme, akamkumbatia Adelina, akawachukua senene mkononi mwangu akampa yeye. Nami niliyekuwa karibu kumpotezea mtu jicho, mnajua niliwaza nini? Niliwaza kwamba wale senene walikuwa wangu.

Kijana alipona, namshukuru Mungu. Aliporudi alipita ofisini kumletea Adelina sangara mkubwa, nikamsaidia mwenzangu kumbeba samaki huyo mpaka kwenye bodaboda. Siku hizi mama mkwe akimsifia kwenye simu namjibu, "Ni kweli, mama," kisha namuuliza habari za kwaya. Nimeapa sitasema tena nimo mahali nisipokuwamo. Wivu wenyewe sijauapia, maana sipendi kuapa uongo.